Kijana, kikapu na chuo: kanuni ya umri inamlinda nani?

Ndugu msomaji, tuseme wewe ni mama wa watoto wanne. Umeketi jikoni katika nyumba ya kupanga, na kodi ya mwezi huu haijalipwa. Mwanao wa kwanza, kijana wa miaka 18 ambaye hana budi kuinama kila apitapo mlangoni, anakuletea habari mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba chuo kikuu kimempa nafasi ya kusoma bila kulipa ada, mradi aichezee timu ya chuo mpira wa kikapu. Ya pili ni kwamba wapo watu wanaosema kuwa akiacha chuo na kuingia katika mchezo wa kulipwa, mshahara wake wa mwaka mmoja utazidi fedha zote ulizopata kufanya kazi tangu ujana wako. Utamshauri nini?

Huko Marekani swali hili limeulizwa katika majumba mengi, na aghalabu katika majumba ya watu maskini. Lakini jibu halikuachwa mikononi mwa mama na mwanawe peke yao. Kwa zaidi ya nusu karne wenye timu, wakuu wa vyuo, mahakimu na viongozi wa chama cha wachezaji wamekuwa wakibishana juu ya umri anaopaswa kuwa nao kijana ndipo aruhusiwe kuuza kipaji chake. Kila upande umesema kuwa unamtetea kijana. Leo nakualika tuyapime madai hayo pamoja.

NJIA YA KUPITIA CHUONI

Kwanza tuelewe mambo yalivyopangwa. Katika nchi nyingi za Ulaya kijana mwenye kipaji hujiunga na klabu. Luka Dončić wa Slovenia aliingia Real Madrid ya Hispania akiwa na miaka 13, na mwaka 2015, akiwa na miaka 16 tu, alikuwa ameanza kucheza katika timu ya wakubwa. Hakuna aliyemwuliza cheti cha chuo kikuu.

Marekani mambo ni tofauti, kwani mchezo umefungamanishwa na shule. Kijana hutoka timu ya sekondari akaenda timu ya chuo, na kutoka huko hungojea siku ya uteuzi, ambapo timu za ligi kuu ya NBA huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Chuoni alihesabiwa kuwa mchezaji wa ridhaa. Alilipiwa ada, chakula na malazi, lakini kwa miaka mingi kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zilimkataza kupokea mshahara au hata kulipwa kwa picha yake kutumika katika tangazo la biashara.

Wakati huo huo fedha zilikuwa zikimiminika juu ya kichwa chake. Mwaka 2010 makampuni mawili ya televisheni yalikubali kulipa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14 ili yaonyeshe mashindano ya vyuo yanayofanyika kila mwezi wa Machi. Walimu wa timu kubwa walilipwa mamilioni ya dola. Aliyeruka, aliyekimbia na aliyeanguka sakafuni alibaki kuwa mchezaji wa ridhaa. Msomaji uliyefanya kazi kiwandani au bandarini huhitaji kufundishwa jina la jambo hilo.

MTOTO WA MCHUMA PAMBA

Tangu miaka ya mwanzo ya ligi hiyo palikuwa na kanuni kwamba mchezaji hawezi kusajiliwa mpaka ipite miaka 4 tangu darasa lake limalize sekondari. Kanuni hiyo iliwafaa wenye timu na wenye vyuo. Vyuo vilimpata kijana kwa miaka yake yote ya masomo, na ligi ikampokea akiwa amekwisha kufundishwa na kujulikana, bila ligi kutoa senti. Hata Wilt Chamberlain, jitu lililokuja kuandika rekodi nyingi, alipochoka na chuo mwaka 1958 alilazimika kuzunguka kwa mwaka mzima na timu ya maonyesho ya Harlem Globetrotters kabla ligi haijamfungulia mlango mwaka 1959.

Aliyeivunja kanuni hiyo alikuwa Spencer Haywood. Alizaliwa mwaka 1949 huko Silver City, katika jimbo la Mississippi, mmoja wa watoto 10 wa mama aliyekuwa mchuma pamba, na yeye mwenyewe alichuma pamba utotoni. Mwaka 1968, akiwa na miaka 19, aliiongoza timu ya Marekani kutwaa medali ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya Mexico. Baada ya mwaka mmoja tu katika Chuo Kikuu cha Detroit akaingia katika ligi ya ABA, iliyokuwa ikishindana na NBA na isiyojali sana kanuni ya miaka 4. Msimu wake wa kwanza alitajwa kuwa mchezaji bora wa ligi hiyo.

Kisha timu ya Seattle SuperSonics ya NBA ikampa mkataba wa miaka 6 wenye thamani ya dola milioni 1.5. Wenye timu nyingine wakapinga, wakisema miaka 4 haijatimia. Haywood na timu yake wakaenda mahakamani. Wakati shauri likiendelea, kama yeye mwenyewe alivyosimulia baadaye, katika viwanja vya ugenini ilitangazwa kwa vipaza sauti kwamba uwanjani yumo mchezaji asiye halali. Fikiri, msomaji: kijana wa miaka 21 anaitwa si halali mbele ya maelfu ya watu kwa kosa la kutaka kufanya kazi anayoiweza.

Tarehe 1 Machi 1971 Jaji William Douglas wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliirudisha amri iliyomruhusu Haywood kucheza. Hoja iliyotiliwa mkazo ilikuwa nyepesi kueleweka: kijana akizuiwa kucheza hali ya mwili wake itashuka, ustadi wake utafifia, na akija kushinda shauri baadaye, muda uliopotea hautarudishwa na mtu yeyote. Mwalimu aweza kuanza kazi akiwa na miaka 30 na asipungukiwe kitu. Lakini kipaji cha mwanamichezo kina saa yake, na saa hiyo haimngoji mtu.

Ligi ikapatana na Haywood nje ya mahakama, kisha ikatunga utaratibu mpya. Kijana asiyetimiza miaka 4 angeweza kuingia iwapo angethibitisha kwamba familia yake imo katika hali ngumu. Yaani ilimbidi alete ushahidi wa umaskini wa mama yake ndipo apewe ruhusa ya kufanya kazi! Utaratibu huo uliondolewa mwaka 1976, na tangu hapo ilitosha kijana kutoa taarifa kwamba anataka kuteuliwa.

SAINI YA BABA NA MAMA

Mwaka 1974 Moses Malone wa Petersburg, Virginia, kijana aliyelelewa na mama peke yake, alikuwa amekwisha kukubali kwenda Chuo Kikuu cha Maryland. Timu ya Utah Stars ya ligi ya ABA ikamjia na mkataba, naye akatoka sekondari moja kwa moja hadi katika mchezo wa kulipwa. Wengi walitabiri kwamba ataharibikiwa. Malone alikuja kuwa mchezaji bora wa mwaka wa NBA mara 3, na mwaka 1983 akatwaa ubingwa na timu ya Philadelphia.

Mwaka 1975 vijana wawili wengine wa sekondari, Darryl Dawkins na Bill Willoughby, waliteuliwa na timu za NBA. Baada yao njia hiyo ikaota majani kwa miaka 20, mpaka mwaka 1995 Kevin Garnett, mwanafunzi wa sekondari moja ya Chicago, alipochaguliwa na Minnesota akiwa wa 5. Mwaka uliofuata akaja Kobe Bryant. Siku ya uteuzi wake alikuwa na miaka 17, na kwa kuwa kisheria alikuwa bado mtoto, baba na mama yake walilazimika kutia saini mkataba wake pamoja naye.

Tuisimamie kidogo saini hiyo. Babake Kobe mwenyewe alikuwa amecheza katika NBA. Alijua wakala ni nani, mkataba husomwaje, na safari za ugenini zina vishawishi gani. Basi mtoto huyo aliingia katika dunia ya watu wazima akiwa na mwongozaji aliyeijua njia. Tukisema kwamba Kobe alifaulu bila chuo tunasema kweli, lakini tusisahau kwamba chuo chake kilikuwa nyumbani.

WALIOANGUKA NJIANI

Kati ya mwaka 1995 na 2005 vijana zaidi ya 30 waliteuliwa moja kwa moja kutoka sekondari. Mwaka 2003 LeBron James, aliyelelewa na mama peke yake katika mji wa Akron, Ohio, alichaguliwa wa kwanza akiwa na miaka 18, na hapana haja ya kueleza alikofika. Magazeti huwapenda watu kama hao. Lakini mti huhesabiwa pia kwa matunda yaliyopukutika.

Korleone Young alitoka sekondari mwaka 1998 akachaguliwa wa 40 na timu ya Detroit. Alicheza mechi 3 tu katika NBA, basi. Lenny Cooke wa New York, ambaye wakati mmoja alitajwa kuwa miongoni mwa vijana bora kuliko wote wa umri wake, alitangaza mwaka 2002 kwamba anataka kuteuliwa. Usiku wa uteuzi majina yakasomwa hadi la mwisho, na lake halikuwamo. Kwa kanuni za siku hizo aliyekwisha kujifunga na wakala hakuwa na njia ya kurudi kuchezea chuo. Mlango wa mbele umefungwa, na wa nyuma nao umefungwa.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba vijana hao walikimbia kwa tamaa tupu. Palikuwa na hesabu. Mwaka 1994 Glenn Robinson, aliyeacha Chuo Kikuu cha Purdue kabla ya kumaliza, alipata mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 68 kabla hajacheza hata mechi moja ya ligi. Wenye timu wakashtuka. Mwaka uliofuata ikawekwa ngazi ya mishahara ya wachezaji wapya, kila mmoja akalipwa kwa kufuata nafasi aliyochaguliwa. Tangu hapo fedha kubwa haikuwa tena katika mkataba wa kwanza bali katika wa pili. Anayeanza akiwa na miaka 18 huufikia mkataba wa pili akiwa na miaka 21 au 22. Anayemaliza chuo kwanza huufikia akiwa na miaka 25 au 26, na pengine goti limekwisha kuuma. Garnett alikuwa na miaka 21 mwaka 1997 alipotia saini mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 126. Kijana yeyote aliyejua kujumlisha na kutoa aliona kilichokuwa mbele yake.

KANUNI YA MWAKA 2005

Hapo ndipo wenye timu walipoirudisha kanuni ya umri kwa sura mpya. Katika makubaliano ya mwaka 2005 kati yao na chama cha wachezaji iliamuliwa kwamba anayetaka kuteuliwa lazima atimize miaka 19 katika mwaka wa uteuzi, na kama ni kijana wa Marekani uwe umepita angalau msimu mmoja tangu darasa lake limalize sekondari. Kanuni ilianza kutumika katika uteuzi wa mwaka 2006. Wenye timu walitaka miaka 20, chama kikakubali 19. Makubaliano mapya ya mwaka 2023 yaliiacha kanuni hiyo ilivyokuwa.

Huenda ukauliza: je, kanuni ya kuzuia haikuwa imeshindwa mahakamani mwaka 1971? Ndiyo, lakini ile iliwekwa na wenye timu peke yao. Hii imetiwa saini na chama cha wafanyakazi, na sheria za Marekani huyapa makubaliano ya namna hiyo nguvu ya pekee. Mwaka 2004 mchezaji wa mpira wa miguu wa Kimarekani, Maurice Clarett, aliyejaribu kupita njia ya Haywood, alishindwa katika mahakama ya rufani kwa sababu hiyo.

Sisi tunaothamini vyama vya wafanyakazi tuna la kufikiri hapa. Chama kina wajibu wa kuwatetea wanachama wake. Lakini kijana wa miaka 18 hakuwa mwanachama, wala hakuwamo katika chumba cha mazungumzo. Waliokuwamo ni watu wenye kazi tayari, na kila nafasi asiyoichukua kijana mwaka huu hubakia kwa mkongwe mmoja. Ni rahisi mno kukikata kipande cha mkate wa mtu ambaye hayupo mezani.

Haki inatudai tuuseme upande wa pili pia. Kijana wa miaka 18 mwenye mamilioni mfukoni, akiishi peke yake katika mji mgeni, anahitaji zaidi ya kipaji. Ilikuwa aibu vilevile kuwaona wasajili wa timu za watu wazima wakijipanga katika kumbi za shule za sekondari, na watoto wa darasani wakiacha vitabu kwa ndoto ambayo ingemfaa mmoja kati ya maelfu. Mwaka mmoja wa kukomaa wawaokoa baadhi yao. Ila aliyekuwa mkuu wa ligi, David Stern, hakuwa akificha kwamba kanuni hiyo ilikuwa jambo la biashara. Timu zilitaka kumtazama kijana mwaka mmoja zaidi kabla ya kumlipa. Na hakika katika tenisi watoto wadogo kuliko hao hucheza kwa fedha, na katika besiboli ya Marekani aliyemaliza sekondari huteuliwa bila kusubiri, wala hapana kilio kikubwa juu ya masomo yao. Mwaka 2005 mchezaji Jermaine O'Neal, aliyetoka sekondari mwenyewe, aliuliza hadharani iwapo jambo hilo halikuhusiana na rangi ya vijana wa kikapu. Swali lake liliwaudhi wengi.

MWAKA WA KUAZIMA

Matokeo yake yalikuwa nini? Wakazaliwa wanafunzi wa mwaka mmoja. Mwaka 2007 waliochaguliwa wa kwanza na wa pili, Greg Oden na Kevin Durant, wote walikuwa wamekaa chuoni mwaka mmoja. Chuo Kikuu cha Kentucky, chini ya mwalimu John Calipari, kilijenga timu zake kwa vijana wa namna hiyo. Kilitwaa ubingwa wa vyuo mwaka 2012, na miezi michache baadaye Anthony Davis, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akachaguliwa wa kwanza katika uteuzi. Kama lengo lilikuwa elimu, elimu gani hupatikana kwa kuingia Agosti na kuaga mwezi Aprili? Brandon Jennings alikataa kigeugeu hicho. Mwaka 2008 alikwenda Roma, Italia, akacheza huko kwa mshahara, na mwaka 2009 akateuliwa wa 10 na timu ya Milwaukee.

Hatari ya mwaka huo wa kuazima ilionekana na taifa zima tarehe 20 Februari 2019. Zion Williamson wa Chuo Kikuu cha Duke alikuwa akicheza dhidi ya North Carolina, na Rais mstaafu Barack Obama alikuwa miongoni mwa watazamaji. Haikutimia dakika moja, kiatu cha kijana huyo kikapasuka, goti likateguka, akatoka uwanjani. Bahati njema aliumia kidogo, na mwaka huo huo alichaguliwa wa kwanza. Lakini tujiulize: laiti goti lile lingevunjika kabisa, nani angemlipa mama yake? Kampuni ya kiatu ilikuwa na mkataba na chuo. Chuo kilikuwa na fedha za viingilio. Aliyekuwa ameweka rehani mwili wake ndiye pekee ambaye hakuwa na mshahara.

VIJANA WAWILI WA KWETU

Mambo haya hayako mbali nasi kama yanavyoonekana. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, na alianza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15. Kimo chake cha mita 2.21 kilimpeleka hadi sekondari moja ya Houston, Texas, na kisha Chuo Kikuu cha Connecticut. Huko alitajwa kuwa mlinzi bora katika kundi lao la vyuo, mwaka 2008 na tena mwaka 2009, na mwaka huo wa 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya taifa. Akaamua kuondoka baada ya miaka 3, mwaka mmoja kabla ya kumaliza, na timu ya Memphis ikamchagua wa pili katika nchi nzima. Mtanzania wa kwanza katika ligi hiyo! Aliyechaguliwa baada yake alikuwa James Harden, na wa 7 alikuwa Stephen Curry.

Njia ilikuwa ngumu. Katika msimu wake wa kwanza alipelekwa kwa muda katika ligi ndogo ya mafunzo. Alizichezea timu mbalimbali kwa misimu 5, jumla ya mechi 224, kwa wastani wa pointi 2.2. Baadaye aliendelea na kazi yake katika nchi za Mashariki ya Mbali. Wapo waliosema aliondoka chuoni mapema mno. Mimi siwaungi mkono haraka hivyo. Kijana aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15 alikuwa na safari ndefu ya kujifunza, iwe darasani au kazini. Kama angebakia mwaka mmoja akaumia, au akaporomoka hadi nafasi ya 20, watu hao hao wangesema alichelewa. Alikuwa na miaka 22, mtu mzima, na alipima mwenyewe.

Mwingine ni Khaman Maluach. Alizaliwa Sudan ya Kusini mwaka 2006 na akakulia Uganda, ambako familia yake ilikimbilia. Alipitia shule ya mchezo iliyoanzishwa na NBA huko Senegal, akacheza katika Ligi ya Kikapu ya Afrika, na mwaka 2024 akaiwakilisha nchi yake katika Olimpiki ya Paris. Akakaa mwaka mmoja Duke, na Juni 2025, akiwa bado na miaka 18 lakini atatimiza 19 Septemba, akachaguliwa wa 10, na haki zake zikahamishiwa timu ya Phoenix. Usiku huo alilia mbele ya kamera. Nani angemwambia mtoto wa mkimbizi angoje miaka mitatu zaidi?

KILICHOWABAKISHA CHUONI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, linajibu swali letu. Tarehe 21 Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote 9 kwa kauli moja, ilitamka kwamba vikwazo fulani vya NCAA juu ya misaada ya kielimu kwa wachezaji vinavunja sheria ya ushindani wa haki. Siku chache baadaye, tarehe 1 Julai, wanafunzi wakaruhusiwa kulipwa na wafanyabiashara kwa majina na picha zao. Juni 2025 mahakama nyingine ikaidhinisha mapatano yanayoviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji, hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza.

Tazama kilichotokea. Mwaka 2021 vijana 353 waliandikisha majina yao kutaka kuteuliwa kabla ya wakati wao. Mwaka 2025 walikuwa 106. Ni kweli kwamba janga la korona lilivuruga hesabu za mwaka ule wa 2021, na kwamba wengi huandikisha jina kisha wakaliondoa. Lakini tofauti ni kubwa mno kuielezea kwa korona peke yake. Kanuni ya umri haikubadilika hata kidogo katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni kwamba aliyebaki chuoni sasa hulipwa jasho lake.

Basi kumbe vijana wale hawakuwa wakikimbia masomo, kama walivyosingiziwa. Walikuwa wakikimbia kazi isiyo na ujira. Miaka mingi kufuli liliwekwa mlangoni ili wabaki, nao wakatafuta madirisha. Ilipowekwa mezani sehemu ya haki yao, wengi wakavuta viti wakaketi.

Haya si kusema kwamba sasa ni pepo. Kijana kutoka nchi ya nje, aliye Marekani kwa viza ya mwanafunzi, hana uhuru sawa wa kupokea malipo hayo, kwa kuwa viza yake inabana kazi anazoweza kufanya. Mzazi wa Kitanzania au wa Kenya ambaye mwanawe ameitwa huko asidanganywe na mamilioni anayoyasikia, bali aulize habari ya viza kabla ya yote.

WAZAZI TUJIFUNZE NINI

La kwanza, tusipime ukomavu kwa tarehe ya kuzaliwa pekee. Kobe akiwa na miaka 17 alikuwa na wazazi waliojua kusoma mkataba, na wapo wenye miaka 22 wasio na mtu. Swali lenye maana ni hili: nani amesimama karibu na mtoto huyu, na je, analipwa kwa kumshauri? Anayelipwa mtoto akitia saini hawezi kuwa mshauri wake wa pekee.

La pili, tuuulize mkataba, na hata barua ya chuo: mwanangu akivunjika goti kesho, kitabaki nini mkononi mwake? Ada itaendelea kulipwa? Matibabu ni juu ya nani?

La tatu, mlango wa shule haufungwi na mchezo. Michael Jordan aliondoka chuoni mwaka 1984 kabla ya kumaliza, akakamilisha masomo yake mwaka 1986. Shaquille O'Neal aliondoka mwaka 1992, akiwa amemwahidi mama yake kwamba atarudi, na Desemba 2000 akavaa joho. Mei 2001 Vince Carter alihudhuria mahafali yake asubuhi, na siku hiyo hiyo akaruka kwenda kucheza mechi ya mwisho ya raundi dhidi ya Philadelphia. Mpira wake wa mwisho haukuingia, timu yake ikatolewa, na wengi wakamlaumu kwa kwenda mahafalini. Mpira ule umekwisha kusahauliwa na wengi. Shahada yake anayo.

Turudi basi jikoni kwa yule mama wa mwanzo. Mwanawe bado amesimama, kodi bado haijalipwa. Nisingemwambia amzuie, wala nisingemwambia amsukume. Ningemwambia amkaribishe mwanawe kiti, waziweke barua zote mbili mezani, na wazisome pamoja mstari kwa mstari mpaka waelewe kila neno. Na mtu yeyote atakayewaharakisha watie saini kabla hawajamaliza kusoma, awe ametumwa na timu au na chuo, wamwonyeshe mlango.